Wembe Nilioombea

Ashukuriwe Mungu, ambaye amenivumilia hadi uzeeni akanionyesha dhambi yangu macho yakiwa bado yanaona.

Mwezi uliopita, kwenye ukumbi wa kanisa letu hapa Kitale, tulionyeshwa filamu ya wajane wa India ya zamani. Wananyolewa, wanavishwa nguo nyeupe, wanatengwa wasilete mkosi. Kando yangu aliketi wifi yangu, mjane wa kaka yangu, ambaye siku hizi anafanya vibarua vya shamba katika kijiji cha Kwanza.

Mjane mdogo aliponyolewa, mama mmoja nyuma yetu alisema, "Ati nywele zimekosa nini? Si sisi tuna bahati tumeokoka."

Wifi akaninong'oneza, "Huyo kinyozi hakuomba. Wewe uliomba."

Ni kweli. Tulipomzika kaka yangu nyumbani kwetu Misikhu, Bungoma, mimi dada mkubwa ndiye niliyeshika wembe wa kumnyoa wifi. Nilikuwa tayari mzee wa kanisa, kwa hiyo niliuombea kwanza, nikidhani mila ikiombewa inatakata. Kisha nikamvisha koti la marehemu, limegeuzwa ndani nje, na kumwonya asikatize shamba la mtu, mahindi yasije yakakauka. Alipokataa kurithiwa na binamu yetu, wazee wa ukoo walimfukuza. Alinitazama. Nilikuwa na Biblia mkononi, nikaifungua nikajifanya nasoma.

Filamu ilipokwisha nilimuuliza anataka nimfanyie nini.

"Nizikwe kando ya mume wangu," alisema. "Nyumba sidai."

Wiki hiyo nilienda Bungoma. Nyumba yake haikuwepo tena, na mahindi yalikuwa yamepandwa hadi ukingoni mwa kaburi. Binamu yetu alinikaribisha chai, akanisikiliza hadi mwisho.

"Dada, aliyekataa mume wa ukoo hana shimo la ukoo," alisema. "Na si ni wewe ulimnyoa?"

Niliiacha chai, nikapanda gari kwenda Kwanza.

Nilimkuta wifi akipukuchua mahindi, nikamweleza yote. Mikono yake haikusimama. Nikamwambia nimeshawaagiza wanangu: katika shamba langu atalazwa kando yangu.

"Mbali na yeye," alisema.

"Ndiyo, wifi. Mbali na yeye."

Akanisogezea hindi, nami nikaketi nikapukuchua.

Wewe unayesoma haya, Bwana akupe ulimi siku utakayotazamwa, na mikono yako isipokee wembe.