Plagi Ikae Mfukoni Mwako

Mwanangu, keti kidogo kabla ya kushuka mjini Salama. Najua ile mashine ya kuuza maziwa inakungoja, na ndiyo ya kwanza utakayoitengeneza peke yako. Lakini chai yangu haijawahi kumchelewesha mtu kazini.

Kuna siku moja kule Kilungu ambayo nikiikumbuka mwili bado unanisisimka. Wewe ulikuwa mdogo, umebaki kwa nyanya yako, nami nilikuwa najifunza ufundi kwa Mzee Mutua wa Emali. Mashine ya duka moja ilikuwa inakataa sarafu na kutema noti, na watu wamejaa mlangoni na chupa zao. Mwenye duka alikuwa anatuhimiza tumalize. Basi nikazima swichi ya ukutani, nikafungua mashine, nikanyoosha mkono nitoe kile kifaa cha kupokea sarafu.

Mzee akanishika bega. Akaenda nyuma ya kaunta, akachomoa plagi kabisa, akaivuta na waya wake mpaka tulipokuwa, akaitia mfukoni mwa koti lake. Halafu akasema tungoje kidogo, maana stima hubaki ndani ya mashine hata ukishaizima. Aiya, nilikasirika! Nilimwambia wazi kwamba mambo yake ya uzee yanatuchelewesha.

Baadaye, mikono yangu ikiwa ndani katikati ya nyaya, nikasikia swichi ikilia nyuma yangu. Kijana mmoja alikuwa ameingia kuchaji simu, akaona imezimwa, akaiwasha. Soketi zote za pale zilitumia swichi hiyo moja. Hakuwa na nia mbaya, maskini. Lakini kama plagi ingekuwa ukutani, ningekufa pale pale.

Nilikaa chini sakafuni. Mzee akaniinamia, wala hakuwa na hasira.

“Una mtoto nyumbani,” akaniambia. “Mimi nataka akuone jioni. Maziwa yatangoja.”

Kwa hivyo nisikie, mwanangu. Usiamini swichi ambayo mtu mwingine anaweza kuifikia. Plagi ikae mfukoni mwako wewe mwenyewe, kisha ungoje kidogo. Kifaa cha sarafu au cha noti kitoe, ukipime mezani, na nyaya zake uziunganishe stima ikiwa imezimwa. Ukishawasha, mikono iwe mbali. Tia sarafu kwenye tundu lake kama mteja yeyote. Mwenye duka akikuhimiza, mwache ahimize. Na siku mtu akikuambia ungoje, tafadhali usimnunie kama nilivyonuna mimi.

Jioni ile ulinikimbilia barabarani, nikakubeba, nikalia. Uliniuliza nina nini, nikakudanganya eti ni vumbi. Sasa umejua. Mungu aliyemtumia mzee yule kunirudisha kwako aibariki kazi ya mikono yako, na jioni akurudishe kwangu ukiwa mzima.