Siku Pampu Ilipoanza Kugonga

Niliwahi kumimina mafuta ya taa kwenye tangi la pampu ya petroli, tena nikiwa na akili timamu. Nilikuwa darasa la sita, kiangazi kikali, na Kithimani nzima ilinuka vumbi na majani ya nyanya. Pampu ilikuwa ya mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana: nyumba tano, kila moja na siku yake. Ukipoteza zamu ungojee juma zima, na nyanya za mama zilikuwa zimetoa maua; hazikuwa na juma la kungoja. Mama alikuwa kule juu akielekeza maji mitaroni. Mimi, mtaalamu, niliachiwa injini. Petroli ilipoisha sikumwita. Nilikimbilia mtungi wa mafuta ya taa. Mafuta si mafuta tu?

Injini ilikuwa bado moto, ikakubali kuwaka. Kisha ikaanza kugonga, ko-ko-ko, kama mtu anayepigilia misumari ndani ya sufuria. Nikafurahi, nikidhani imepata nguvu. Mama Syombua, jirani mwenye zamu ya kesho, alisikia kutoka kwake akaja mbio, akaizima, akanusa tangi.

“Umeiwekea nini, wewe?”

“Mafuta.”

“Ya taa! Unataka kutoboa pistoni tulale njaa nyumba tano?”

Alinieleza huku akimwaga uchafu wangu. Petroli ina adabu: hata ikibanwa kwenye silinda, hungoja cheche ya plagi. Mafuta ya taa hayana subira. Yakibanwa na kupata joto hujilipukia yenyewe pembeni, kabla moto wa plagi haujayafikia, na kishindo hicho ndicho kinachogonga. Haraka haraka haina baraka, kumbe hata ndani ya chuma. Akatuazima petroli yake, lakini jua lilikuwa limeshatushinda. Mistari miwili ya nyanya ilikauka. Mama hakunichapa. Alinizungusha nyumba nne nyingine za mwethya nikiri kwa mdomo wangu, na fimbo ingekuwa nafuu.

Sijatoka hapa tangu nimalize sekondari. Nani angeniamini na injini ya kunipeleka mbali? Siku hizi shamba langu lina pampu ya sola, kimya kama paka. Nyakati nyingine naikosa ile ko-ko-ko ya chuma, maana angalau kosa lilipiga kelele kabla ya kuharibu. Juzi nilimwambia hivyo Mama Syombua, sasa mzee wa mkongojo. Akaizunguka pampu polepole, akaikagua kote, akasema: “Hawa watu wa sola hawakuweka tangi. Walisikia uko hapa.”