Bunduki ya Babu na Mafuta ya Cherehani

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na hana subira na kitu kinachokwama. Mlango ukilia, anautia mafuta. Zipu ikigoma, anaipaka nta. Basi babu alipofariki na kumwachia bunduki ya vita aliyoirithi kwa baba yake, shangazi hakumuuliza mtu. Aliilaza kwenye meza ya kukatia vitambaa, akaimiminia mafuta ya cherehani, akaisugua wiki nzima mpaka kutu ikatoka.

Kwetu kuna mzaha wa kijinga, nausema wazi. Anayerithi bunduki hiyo hupigwa picha akimlenga mpiga picha, anavuta kifyatulio na kusema "Pa!" Hakuna aliyewahi kuogopa, maana kifyatulio kilikuwa kimekwama tangu enzi za baba yake babu.

Siku ya picha tulijaa uani. Baba alisimama mbele ya dada yake, simu mkononi. Mimi nilikuwa nyuma ya baba, nikicheka kama wengine.

"Dada, changamka basi! Umeshika bunduki, siyo sindano."

Shangazi akalenga. Kidole kikagusa kifyatulio, nacho kikasogea kidogo. Nikaona uso wake ukibadilika, kama anavyokuwa sindano ikigonga pini iliyosahauliwa ndani ya nguo.

"Kaka, sogea hapo."

"Nisogee wapi? Picha itaharibika."

"Nimesema sogea!"

"Chuma chakavu hicho, dada. Vuta tumalize, watu wana njaa."

Watu wakacheka. Mimi kicheko kilinikauka. Mtutu ulikuwa unatazama kifua cha baba yangu. Taratibu shangazi akaugeuza kuelekea rundo la mchanga wa ujenzi pembeni ya ukuta. Baba, kwa ubishi wake, akapiga hatua kuufuata.

"Baki hapo hapo!" shangazi akapiga kelele, akavuta.

Mlio wa risasi ulituziba masikio. Mchanga ukaturukia usoni. Simu ikamponyoka baba, naye akakaa chini pale pale kwenye vumbi.

Shangazi akaiweka bunduki chini, akaingia sebuleni, akarudi na picha ya babu siku aliyorithi bunduki hiyo. Babu anacheka, jicho moja kalifumba, kidole kimevuta kwa nguvu zote. Aliyempiga picha ile ni bibi, mimba ya baba ikiwa tumboni.

Akamwekea baba picha hiyo mapajani.

"Kumbe kutu ndiyo iliyokuwa inakulinda, kaka," akasema huku analia. "Na mimi nimeisugua wiki nzima."