Mzee Alizima Filamu Muuaji Akianza Kusema Ukweli

Mzee wa kanisa yetu hapa Kerugoya, soma hii.

Leo vijana walionyesha filamu ya kuchekesha hapo kanisani, ya muuaji wa kukodiwa ambaye ni mlevi. Bunduki inamtetemeka mkononi, anapiga mtu mwingine badala ya yule aliyetumwa kumuua.

Ndugu yangu Muriithi anapigana na pombe. Nilimbembeleza, akakuja bila kuonja.

Watu wakauawa ndani ya filamu, wewe ukacheka tu.

Halafu muuaji akasimama mbele ya walevi wenzake wanaojaribu kuacha akasema, "Pombe imenishinda." Muriithi akavuta kiti mbele.

Ukazima. Ati hiyo inaaibisha familia za watu.

Muriithi akachukua kofia.

"Wacha nikaimalizie kwa baa. Huko hawazimi."

Nyinyi mliompigia mzee makofi akizima, nani ataenda kumtoa huko baa?