Athanas na Zaporozhets

Athanas alikuwa dereva wa nyumba moja huko Muaither, mtaa wa Doha, Qatar, na kwa maelezo yake mwenyewe hapakuwa na gari duniani lililowahi kumshinda. Dunia yake ilianzia Kakamega ikaishia Kisumu. Kazi yake hasa ilikuwa kupeleka watoto shule na kutumwa sokoni. Alichokitamani ni karakana. Mudiri wake, yaani bosi, alikusanya magari ya kale, na alikuwa ameahidi: atakayelifikisha jipya lao salama kwenye maonyesho ya Ijumaa, huyo ndiye atakayekabidhiwa karakana yote.

Hilo jipya lilikuwa Zaporozhets, gari dogo la familia la enzi za Wasovieti, limevimba kama andazi.

"Hii nayo ni nini? Mkebe wa maziwa?" Athanas aliuliza.

Rael, mpishi, alikuwa akipangusa bango la maelezo ya gari. "Sikiza basi, Baba Stacy. Wanasema mainjinia walichukua kigari cha Kiitaliano wakakisuka upya. Wakakiinua kipite kwenye matope. Kiwanda chenyewe kilikuwa kinaunda mashine za kuvunia ngano."

"Si inaonekana!" Alicheka hadi akakohoa.

"Kuna na hita inachoma petroli, ya kupasha watu joto. Na injini inapozwa kwa…"

"Hita, Doha hii? Rael, wewe pika. Magari waachie wenye leseni."

Rael akaliacha bango, akarudi kwa sufuria zake.

Ijumaa, wageni wa mudiri wakiwa wamejipanga getini na kanzu zao nyeupe, Athanas alifuata mila ya madereva wa kwao: kabla ya ufunguo, maji. Akainua boneti ya mbele. Hakuona injini, aliona tairi la akiba na kifuniko kimoja. Kuuliza kungemvunjia heshima. Kifuniko kilinuka petroli, naye akaamua kwamba vyuma vikuukuu vyote hunuka. Akamimina chupa nzima ya maji ya kunywa.

Gari likawaka. Athanas akanyoosha shingo kama balozi, akapiga honi. Lilipofika mbele ya wageni likapiga chafya, likatetemeka, likazimika. Alizungusha ufunguo mpaka jasho likamtiririka. Wapi!

Mudiri akaja, akafungua boneti, akainusa chupa tupu.

"Umeweka nini kwenye tangi, Athanas?"

"Maji, baba. Ya kupoza injini."

"Injini iko nyuma. Inapozwa kwa upepo."

Mgeni mmoja alitoa simu akapiga picha.

"Lakini baba," Athanas akasema, "gari gani hii haina rejeta?"

Mudiri akanyoosha mkono, akapokea ufunguo, akampa mlinzi wa geti.

Jumapili asubuhi, ambayo Doha ni siku ya masomo, Athanas alikuwa nje ya shule, akiwaeleza madereva wenzake kwa nini Wasovieti hawakujua magari. Alieleza kwa kirefu, hata watoto wakatoka darasani wakamkuta hajamaliza.