Komputa Tatu za Stoo

Mwaka wa 1974, nikiwa na miaka kumi, baba alikufa na shule yangu ikaishia hapo. Nikaingia kwa mashamba ya wengine kuchuna chai. Huko ndiko nilijifunza jambo ambalo watu wa digrii bado wananibishia: shamba kubwa halimalizwi na mtu mmoja mwenye nguvu. Linagawanywa mistari, kila mtu na wake, na majani yote yanakutana kwa mizani.

Studio yangu ya Mogogosiek inafanya kazi hivyo hivyo. Komputa moja ikibebeshwa kwaya nzima, inakwama. Vijana wakikwama wanalilia komputa mpya. Mimi nilichukua nne za zamani saiba moja ya intaneti ilipofungwa, nikaziunganisha kwa waya. Ya mbele inarekodi na kutunza. Tatu za stoo zinasafisha na kupamba: moja ngoma, moja gitaa na kinanda, moja waimbaji. Zikimaliza zinarudisha mbele, haraka kuliko sikio lako linavyoweza kushtuka. Hazina skrini. Skrini ya nini? Ng'ombe wa maziwa hawekewi kioo.

Mwaka jana kwaya kubwa ya hapa kwetu ilikuja kurekodi. Ingeondoka bila kuridhika, kwaya ndogo zote zingeifuata hadi studio za Kericho, na mimi ningerudi kuchuna chai ya watu. Mwalimu wao, ambaye pia ndiye kiongozi wa kuimba, alijua hivyo. Alikuja na suti, viatu vinang'aa, akaangalia waya zangu vile mtu anaangalia mavi ya kuku.

Tukiwa tunasikiliza wimbo wa kwanza, akatoka kidogo, akarudi. Mara waimbaji wakapotea kwa spika. Ngoma ikabaki ikijipigia.

"Boiyo, mitumba yako imemeza sauti zetu," akasema mbele ya wamama wote. "Mzee kama wewe angebaki na ng'ombe. Kesho tunaenda Kericho."

Nikaenda stoo. Komputa ya waimbaji ilikuwa imechomolewa, na kwa soketi yake simu inachaji. Watu wetu wakiona kitu kimenyamaza wanadhani hakina kazi. Nikaibonyeza ile simu: ikatokea picha ya mwalimu, na ile suti.

Nikarudi nayo mfukoni, nikafungua sauti zao vile komputa ya mbele ilikuwa imezitunza, bila kusafishwa. Ya kiongozi ikatoka peke yake, inatetemeka, wimbo uko huku na yeye kule.

"Woi! Huyo mbuzi ni nani?" mama mmoja akauliza.

"Ni mwalimu wenu kabla ya kupita stoo," nikasema. "Na hii ni simu yake. Ndiyo ilimeza sauti zenu."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

"Boiyo, rudisha stima," mwalimu akanong'ona.

"Sema vizuri."

"Naomba, baba."

Nikarudisha. Walimalizia nyimbo zote hapa, na Kericho hakuna aliyeitaja tena.

Leo niko na ekari mbili za chai, ng'ombe watatu, nyumba ya mawe, studio, komputa nne, maikrofoni sita, kwaya tisa zinazokuja kwangu, na kufuli kwa mlango wa stoo.