Mshika Mgongo wa Lubaga

Kahambu hakuwa mkunga, na aliyemwita mkunga alisahihishwa papo hapo. Mkunga hushughulika na mtoto. Yeye alishughulika na mama. Alikaa nyuma ya mwanamke mwenye uchungu, akamzungushia kitenge kiunoni, akamkanda mgongo, akamtembeza, akamfokea kidogo ikibidi, wala hakuondoka mpaka yote yamekwisha. Wakongomani wenzake waliokimbilia mtaa wa Lubaga, Kampala, walimwita mshika mgongo. Hospitalini manesi walimwona mama mmoja msumbufu anayewajazia nafasi tu, wakamfungia nje, na wanawake wake wakalia ndani peke yao.

Hivyo ndivyo Pélagie, binti yake wa pekee, alivyozaa mara ya kwanza. Kahambu aligonga mlango wa wodi mpaka mlinzi akaja kumwondoa, na mtoto alipotolewa alikuwa ameshakufa. Pengine angekufa hata kama mama mtu angekuwa ndani, nani ajuaye. Lakini Pélagie aliamini vingine. Mimba ya pili ilipomwelemea, na mumewe akiwa ng'ambo ya mpaka akitafuta bidhaa, alimshika mama yake mkono akamwambia kwamba safari hii hazai bila yeye. Kahambu akamwapia.

Sasa, matumbo hayapangi foleni. Wanawake wawili wanaweza kushikwa siku moja kwenye vilima viwili, na mshika mgongo ana mikono miwili tu. Kwa hiyo mwezi ule Kahambu aliwakatalia wateja wote, hata wale waliokuja wakilia. Ila hakuna aliyemfundisha namna ya kumkatalia mwanajeshi, na katika miaka ile ya utawala wa bunduki hakuna mtu mjini aliyekuwa na elimu hiyo.

Kapteni Fadhul alimfuata asubuhi, Landrova ikasimama mlangoni Kahambu akiwa anatwanga muhogo.

"Mama, wewe ndiyo nashika mugongo? Panda gari."

"Afande, miye niko na mutoto wangu hapa. Tumbo yake iko karibu."

"Bibi yangu pia iko karibu. Panda."

Pélagie alisimama mlangoni ameshika tumbo. Kahambu alipanda na unga mikononi.

Nyumba ya kapteni ilikuwa Makindye, kilima kingine cha mji, imezungushiwa ukuta, na geti lake lilikuwa na kufuli kubwa. Ndani mlikuwa na mwanamke mmoja tu, Lamunu, Mwacholi wa Kitgum, msichana bado. Kahambu alipomwona alielewa kwa nini kapteni hakumpeleka hospitali. Hospitali huuliza jina na kwenu wapi, na wakati ule wanajeshi wa Kiacholi walikuwa wakichukuliwa makambini wasionekane tena. Kaka yake Lamunu alikuwa miongoni mwao. Kapteni aliwaambia wenzake kwamba alishamrudisha mkewe kwao zamani, kumbe amemfungia ndani, madirisha yote pazia. Labda alimpenda. Kufungia watu ndiyo njia aliyoijua.

Siku zikapita. Kahambu alimkanda Lamunu, akampikia uji, na kila alipogusa lile tumbo alikuwa analifikiria lingine. Uchungu wa Lamunu haukuja. Akaanza kumchukia yule binti kwa kuchelewa, kisha akajichukia kwa kumchukia mtu asiye na mama wa kumshika mkono. Usiku alilala mkekani kando ya kitanda chake na kusikia kufuli la geti likikaguliwa.

Kisha Lamunu akamnong'oneza jambo lililomkata maini.

"Mama, jana mimi nasikia yeye naongea na Faustino." Faustino alikuwa askari wa getini. "Mtoto nakuja, lakini wewe hapana rudi kwako. Wewe naona mimi. Wewe najua."

"Anataka niishi hapa siku ngapi?"

Lamunu akatikisa kichwa. Hakuna aliyelitaja lile jibu jingine, lile lisilohusu kuishi. Kahambu alikwenda jikoni akakoroga uji wa Lamunu.

Uchungu ulianza siku iliyofuata, baada ya chai. Nesi ambaye kapteni aliahidiwa hakutokea, na hakukuwa na wa kumuuliza. Kwa hiyo Kahambu, aliyekataa maisha yake yote kumpokea mtoto kwa mikono yake, alichemsha wembe na uzi mwenyewe. Mtoto huyu akifa, atakuwa ameuawa na nani? Jibu lilikuwa wazi.

Jua lilipofika utosini, uchungu ukasimama. Lamunu alikuwa amekauka midomo, tumbo limekaza, hakuna kinachosogea. Kahambu alimtazama kuanzia juu hadi chini, ndipo akaona zile nywele zilizosukwa zikakazwa. Akajipiga paji la uso. Kwa hofu yake yote alisahau jambo ambalo kwao Beni, ng'ambo ya mpaka, hata msichana mdogo analijua. Akazifumua nywele moja moja, akafungua sanduku, akafungua kabati, kisha akatoka barazani alikokuwa kapteni.

"Afande, ufungue kufuli yote."

"Wewe nasema nini?"

"Nyumba ikifungwa, mama naye anafungika. Milango, madirisha, geti. Mukaba yako na kamba za viatu pia. Kitu yote yenye kufungwa."

Kapteni alicheka mpaka akakohoa. Lakini kutoka chumbani sauti ya Lamunu ikapaa. "Fadhul! Kwetu pia nafanya hivyo! Fungua!" Kikafuata kilio kirefu kilichomfuta kapteni kicheko usoni. Alivua mkanda. Akafungua buti, akawaamuru na askari wake wafungue zao, na mwisho, kwa mkono wake, akafungua geti likabaki wazi kabisa. Faustino alisimama pale akiona haya, buti zikimpwaya kama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake.

Wapo wanaosimulia kwamba Kahambu alikuwa amepanga hila. Si kweli, hakuwa na hila yoyote. Alikuwa anafanya kazi yake. Aliporudi chumbani na kupandisha pazia ndipo alipoiona barabara inayoteremka, nyeupe kwa jua, hakuna kizuizi. Angeweza kubeba ndoo akasema anafuata maji.

Lamunu aliyaona macho yake. Hakumsihi. Alichofanya ni kuuachia mkono wa Kahambu na kushika shuka badala yake.

Laiti angemng'ang'ania, huenda angeondoka. Kahambu alilaani kimoyomoyo, akazunguka nyuma ya Lamunu, akamshika mgongo. Uchungu ukarudi kwa nguvu. Kabla jua halijaegemea sana, mtoto wa kiume alitelezea mikononi mwa mshika mgongo.

Kapteni aliingia mbio, akampokea mwanawe ndani ya khanga, akatoka naye barazani kumwadhinia sikioni. Sauti yake ilikuwa nzuri, tena ilikuwa na machozi, na Kahambu aliona vibaya kuisikia. Adhana ilipokwisha kapteni akaita kupitia dirishani, "Naisha? Mimi nafunga?"

"Bado, Afande! Kondo ya nyuma haijatoka. Usifunge kitu."

Huo haukuwa uongo. Ukawa uongo muda mfupi baadaye, kondo lilipotoka lenyewe, zima, likaingia ndani ya beseni. Kahambu alilikagua, akalikanda tumbo mpaka damu ikapungua, akamfunika Lamunu. Kazi ilikuwa imekwisha na alitakiwa kusema hivyo.

Lamunu alivuta kitambaa akalifunika lile beseni.

"Hapana ambia yeye," akasema polepole. "Wewe nenda tafuta dawa. Mimi nalia."

"Akijua, atakufanya nini?"

"Mimi iko na kijana yake. Nenda, Mama. Binti yako nangoja."

Kahambu alimbusu kichwani kwenye zile nywele zilizofumuliwa. Lamunu akajaza pumzi kifuani na kuanza kupiga mayowe.

"Kondo imekwama, Afande," Kahambu alisema barazani, na sauti ya kutetemeka hakuhitaji kuiigiza. "Ninatafuta majani kule kwa muteremko, mbio, mbio."

"Faustino! Fuata yeye!"

Faustino aliinama kukaza kamba za buti. Kabla Kahambu hajafumbua mdomo, kapteni mwenyewe, mtoto kifuani, alinguruma: "Hapana funga! Wewe nataka ua bibi yangu?" Basi Faustino akatoka getini akiburuta buti, akajikwaa, moja ikamtoka, akarudi kuifuata. Kahambu alikuwa ameshazama kwenye migomba.

Alisikia jina lake likiitwa mara kadhaa, kisha hakulisikia tena. Mayowe ya Lamunu aliyasikia muda mrefu zaidi. Maisha yake yote alikuwa ameyakimbilia mayowe ya namna ile, na leo alikuwa anayakimbia. Njiani akatambua kwamba si yote yaliyokuwa ya kuigiza. Msichana yule alikuwa analia kwa sababu mtu pekee aliyemshika mgongo alikuwa anakwenda zake. Kahambu naye alilia, lakini hakupunguza mwendo.

Alifika Lubaga wakati wa kuwasha majiko. Pélagie alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, uchungu umemshika tangu asubuhi. Alipomwona mama yake aliangua kicheko na kilio pamoja, lakini Kahambu hakukaa. Nyumba hii kapteni aliijua. Alimbeba mwanawe nusu nusu, wakapita vichochoroni mpaka stoo ya Nabintu, muuza unga wa muhogo, Mkongomani mwenzao, ambaye hakuuliza chochote. Aliwatandikia magunia matupu, akatoka, akaketi mlangoni akichekecha unga.

Haukupita muda Landrova ikasikika mtaani, na buti zilizofungwa sawasawa zikigonga mlango hadi mlango. Ndipo uchungu wa kusukuma ukamjia Pélagie. Alifungua kinywa.

Kahambu, aliyekuwa amewaambia mamia ya wanawake walie watakavyo, akamziba binti yake mdomo kwa kiganja.

"Usilie, mutoto wangu. Tafazali, usilie."

Alimgeuza, akampa bega lake. Pélagie akaling'ata mpaka damu ikachuruzika kwenye blauzi, akasukuma. Alizaliwa msichana, mzima, na bibi yake alimweka mara moja kwenye ziwa la mama yake kabla hajatoa sauti. Hapakupigwa kigelegele hata kimoja. Nje, buti zilimpita Nabintu zikaendelea mtaani, naye akaendelea kuchekecha unga, kwa ukimya ule asijue kama mle ndani kuna mtu hai.